SOMO: TUKIKATALIWA KAZI, TUFANYE NINI NA JIBU LILE?



Somo la mara hii tunalitoa kwa vijana wenye kutafuta kazi, na vilevile kwa wazazi wanaowangojea nyumbani jioni. Katika mikutano ya jamaa tunasikia malalamiko yaleyale. Mutoto amemaliza sekondari, yuko na Diploma ya Serikali, ameandika barua Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Fungurume, na kila mara jibu ni moja: hapana. Ao jibu halifiki hata kidogo. Kisha barua ya tano ao ya kumi kijana anachoka. Anaacha kuandika, anabaki kwenye parseli, anaanza kulala muchana. Wazazi nao wanaanza kumwangalia kwa jicho lingine, na maneno mabaya yanaingia katika nyumba.

Tunataka kuonyesha kwamba jibu la hapana liko na faida yake. Mutu akilisoma vizuri, akaliandika katika daftari, akarudi kwa heshima kwa mwenye kulitoa, linaweza kumusaidia kupata kazi ya kesho. Tutafuata somo hili katika sehemu saba. Vijana washike kalamu.

1. TUJUE KWANZA NAMNA KAZI INAVYOTOLEWA LEO

Wababa zetu wengi waliingia kazini kwa njia nyingine. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na Gécamines ilikamata nafasi yake mwaka 1967. Sosiete ile ilikuwa na kambi zake, masomo yake na hospitali zake. Mutoto wa mufanyakazi alisoma katika masomo ya sosiete, na mara nyingi alijua mbele ya wakati ni wapi atafanya kazi.

Njia ile ilivunjika. Mugodi wa Kamoto ulianguka mwezi wa 9 mwaka 1990, shaba iliyotolewa ikapunguka sana katika miaka iliyofuata, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines katika mupango ulioitwa «kuondoka kwa mapenzi». Wengi wetu tunawajua wazee wale. Wamoja ni wababa wa vijana tunaosema nao leo.

Sheria ya migodi ya mwaka 2002 iliita sosiete za watu binafsi kuja kuchimba. Lakini kazi nyingi hazitolewi na sosiete kubwa yenyewe. Zinatolewa na sosiete ndogo zinazotumika kwa ajili yake: za kusafirisha, za umeme, za ulinzi, za kupika chakula, za kujenga. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017 inaziweka kazi hizo kwa sosiete ambazo sehemu kubwa ya mali yao ni ya Wakongomani. Na kazi ya namna hiyo mara nyingi ni ya muda, ya miezi tu ao ya mwaka mumoja.

Maana yake kwa kijana ni nini? Zamani mutu aliyekamata nafasi aliweza kubaki nayo miaka 30. Leo kiti kilekile kinaweza kubaki wazi mara nyingi. Zaidi ya hayo, sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inaruhusu kipindi cha kumujaribu mufanyakazi mupya, kisichopita mwezi 1 kwa mutu wa kazi za mikono asiye na ufundi, na kisichopita miezi 6 kwa wengine. Katika kipindi kile, aliyechaguliwa pahali petu anaweza kuonekana hafai, ao yeye mwenyewe akaona kazi haimupendezi, akaenda. Basi, hapana ya mwezi wa 3 haituambii kitu juu ya mwezi wa 9. Tuliikose kazi ya siku moja, hatukuikosa sosiete.

2. TUTENGE NAMNA ZA «HAPANA»

Kosa la vijana wengi ni kuweka majibu yote katika mufuko mumoja. Wanasema: «Wamenikataa.» Lakini kuna namna nne, na kila moja iko na maana yake.

a) Kimya. Barua ilienda, hakuna aliyejibu. Hapo hatujui kama tumekataliwa. Labda barua ilifika kisha siku ya mwisho. Labda ilibaki kwa mulinzi wa mulango. Labda walipiga simu na namba haikupita. Kimya kinatuomba kuchunguza njia ya barua, mbele ya kujichunguza sisi wenyewe.

b) «Nafasi imejaa.» Jibu hili linahusu hesabu ya viti, halihusu mutu. Mwenye kupewa jibu hili anapaswa kuuliza: «Mutaandika watu tena wakati gani?»

c) Kuanguka mutihani. Hapa tulionwa na tulipimwa. Jibu hili linauma, lakini lina faida kubwa, kwa sababu linaonyesha wazi kitu kinachopunguka.

d) Tulifika mpaka mbele ya mukubwa, na mwingine akachukuliwa. Mwenye kukataliwa hapa yuko karibu sana kuliko anavyowaza. Kati ya barua nyingi, yake ilitolewa na kusomwa. Mukubwa amemuona kwa macho, amesikia sauti yake, anajua jina lake. Lakini vijana wengi wanakasirika hapa zaidi, wanapita mbele ya biro ile bila kusalimia. Wanatupa kitu chenye bei.

3. TUWEKE DAFTARI

Tunashauri kila mwenye kutafuta kazi anunue daftari moja dogo, la kazi hiyo tu. Kwa kila barua aandike mistari sita: tarehe ya kupeleka, jina la sosiete na mutu aliyepokea, kazi iliyotafutwa, vitu vilivyoombwa katika tangazo, jibu na tarehe yake, sababu waliyoitoa. Kisha majibu matano, akae chini pamoja na mutu mukubwa mwenye akili, wasome daftari pamoja. Kitu kilichoandikwa mara tatu si bahati mbaya tena. Ni habari.

Tutatoa mufano. Jamaa moja ilituita siku moja, sisi mashemasi watatu. Kijana wao, mwenye diploma ya umeme, alikuwa ameandika barua 11 katika mwaka mumoja na nusu bila kupata kazi. Katika nyumba walikuwa wamekwisha kusema kwamba shangazi ya baba, mama muzee aliyekaa nao, ndiye aliyefunga njia ya mutoto. Mama yule alikuwa amekwisha kuondolewa, amepelekwa kwa binti yake katika kartie nyingine. Walituomba tuombe, na tutaje jina lake.

Tuliwaambia: «Tutaomba. Lakini kwanza kijana atuletee fotokopi za barua zote na matangazo yote.» Kwa bahati alikuwa ameyachunga. Tuliyaweka kwenye meza, moja moja, mbele ya baba na mama. Tukaona hivi: matangazo 4 yaliomba permi ya kuendesha gari, na kijana hakuwa nayo. Barua 3 zilipelekwa wakati siku ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Barua 2 zilikuwa na namba ya zamani ya simu ya kaka yake, iliyopotea pamoja na simu. Na mara 2 aliitwa kwa mutihani, na mara zote mbili alianguka pahali pamoja, kwenye kusoma muchoro wa nyaya za umeme.

Nne, tatu, mbili na mbili: hizo ni barua zake zote 11. Hatukuona mukono wa mama muzee katika barua hata moja. Baba wa nyumba alinyamaza muda murefu. Kisha akasema: «Basi tulimufukuza bure.» Tuliomba siku ile, lakini maombi yalikuwa mengine: tuliomba kwa ajili ya baba apate nguvu ya kwenda kumuomba radhi shangazi yake.

4. TURUDI KWA HESHIMA

Watu wanasema: kuuliza si ujinga. Mwenye kukataliwa kazi ana ruhusa ya kuuliza sababu, akiuliza kwa upole. Tusiende kugombana kwenye mulango. Tuandike barua fupi katika juma lilelile tulipopata jibu. Tunaiandika hapa katika Swahili ili kila mutu aisikie; kila mumoja ataiandika katika Kifaransa kama desturi ya mabiro ilivyo.

«Bwana Mukubwa wa wafanyakazi, nimepokea jibu lenu la tarehe fulani juu ya kazi ya musaidizi wa fundi umeme. Ninawashukuru kwa wakati muliotumia kusoma barua yangu na kunipokea. Ningependa kujiendeleza katika kazi hii. Kama inawezekana, tafazali muniambie ni jambo gani lilipunguka katika mutihani wangu. Ninaomba pia muchunge dosye yangu, na munifikirie nafasi ikipatikana tena. Namba yangu ya simu ni ileile. Pokea, Bwana Mukubwa, salamu zangu za heshima.»

Tuone mambo ine katika barua hiyo. Inashukuru, haijililii. Inauliza jambo moja tu, kwa hiyo ni rahisi kuijibu. Inaomba dosye ichungwe. Na inahakikisha kwamba namba ya simu inapita. Imeli ni njia nzuri vilevile, lakini mutu aiangalie kila juma, na jina la imeli liwe jina lake la kweli, lisiwe la muchezo.

Wengine watasema: «Hawatajibu.» Ni kweli, wengi hawatajibu. Lakini mukubwa wa wafanyakazi akipokea mamia ya barua za kuomba, anapokea barua ngapi za kushukuru? Ile moja atakumbuka. Tukumbuke Yosefu katika gereza: mutumishi wa mufalme aliyesaidiwa naye alimusahau miaka miwili mizima. Lakini siku mufalme alipokuwa na shida, jina la Yosefu lilirudi katika kichwa cha mutumishi yule, kwa sababu alikuwa ameona kazi yake. Mutu hakumbuki asichokiona.

Kisha miezi mitatu, turudi. Siyo mikono mitupu: turudi na karatasi mpya, kitu tulichoongeza tangu siku ile. Ndipo dosye yetu inafunguliwa tena.

5. TUJAZE KIPUNGUFU

Daftari likionyesha kipungufu, tusikae kukilia. Tukijaze. Inchini kwetu kuna njia hizi.

INPP, chuo cha Serikali cha kutayarisha watu kwa ufundi, kilianzishwa mwaka 1964, na kiko Lubumbashi vilevile. Wenye kuandika watu kazi wanakitolea feza, kwa hiyo wanakijua. Mafundisho yake ya ufundi ni mafupi kuliko ya chuo kikubwa, na sertifika yake inasomwa vizuri na mabiro. Kijana aende mwenyewe kuuliza bei na tarehe, asiamini maneno ya njiani.

ONEM, biro ya Serikali ya kazi iliyoanzishwa mwaka 2002, inaandika majina ya wenye kutafuta kazi na kuwapa karti. Karti ile si kazi, tusidanganyike. Lakini sosiete nyingi zinaiomba katika dosye, na kukosa karti tu kunaweza kutupa barua yetu kando.

Tusizarau kazi ndogo. Kijana anayemufuata fundi umeme wa kartie miezi minne, akavuta nyaya katika nyumba tano, amefanya kazi. Aombe karatasi yenye tarehe, namna ya kazi na sahihi ya fundi. Na aliyekuwa na mapatano ya kazi katika sosiete, hata ya miezi mitatu, asitoke bila karatasi ya mwisho wa kazi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mwenye sosiete kuitoa. Vijana wengi wanaondoka na hasira, wanaiacha karatasi ile, na kesho wanaandika kwamba hawajafanya kazi hata siku moja.

Kijana tuliyemusema juu alienda kujifunza kusoma michoro ya umeme. Feza ya masomo zilitoka kwa baba na kwa wajomba wawili, waliokuwa tayari kutoa feza zilezile kwa mambo mengine yasiyofaa. Alirudi na sertifika kwenye sosiete iliyomuangusha mutihani mara ya pili, akawaandikia barua ya namna tuliyoonyesha. Hawakumujibu. Lakini kisha miezi mitano walimupigia simu, kwa sababu fundi musaidizi mumoja alikuwa ameondoka. Alipewa mapatano ya miezi sita. Si utajiri. Lakini leo akiandika CV yake, kuna mustari wa kwanza wa kazi. Na mama muzee? Hakurudi upesi. Aliomba apewe muda, na walimupa. Kisha miezi miwili alirudi, na sasa wanakula pamoja.

6. MUFANO WA MAMA WANGARI MAATHAI

Tutoe mufano wa mutu anayejulikana katika dunia yote. Mama Wangari Maathai alizaliwa Kenya mwaka 1940. Alisoma Marekani, na mwaka 1966 alirudi Nairobi na barua ya profesere mumoja iliyomuahidi kazi ya kusaidia katika uchunguzi wa wanyama. Alipofika kwenye chuo kikubwa aliambiwa nafasi amepewa mutu mwingine. Yeye mwenyewe aliandika nyuma kwamba aliona ni kwa sababu ya kabila yake na kwa sababu ni mwanamuke. Barua ilikuwa katika mukono wake, na kazi haikuwako.

Alifanya nini? Alizunguka akiuliza katika mabiro mengine ya chuo. Akamukuta profesere wa Ujeremani, Reinhold Hofmann, aliyekuwa akianzisha mafundisho juu ya miili ya wanyama wa kufugwa. Huyo alimuandika kazi. Mwaka 1971 mama huyu alipata udaktari wa masomo, mwanamuke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuupata. Nyuma akawa mukubwa wa idara ileile.

Mwaka 1982 alikataliwa tena, na mara hii kwa uchungu zaidi. Aliacha kazi ya chuo ili asimame katika uchaguzi wa bunge. Wakamuambia hana ruhusa ya kusimama. Aliporudi chuoni, nafasi yake walikuwa wamekwisha kuitoa. Alikosa pande mbili. Lakini tangu mwaka 1977 alikuwa ameanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wamama wa vijiji. Sasa aliipa nguvu zake zote. Kazi ile ndiyo ilimuletea zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2004, mwanamuke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alikufa mwaka 2011.

Tusiseme kwamba kukataliwa kulikuwa kuzuri. Alikosewa, na kukosewa ni kukosewa. Lakini tuone jambo hili: mara ya kwanza aliuliza kwenye mulango wa jirani, na mara ya pili alikuwa na kazi ya pembeni aliyoianza mbele ya shida. Mambo hayo mawili kila kijana wetu anaweza kuyafanya.

7. MAONYO MATATU

La kwanza: tusinunue kazi. Kuna watu wanaopita katika makartie, wanasema wanamujua mukubwa fulani, wanaomba dola mia ao mia mbili ili waingize jina. Mwenye kazi ya kweli hamuombi feza mwenye kutafuta. Jamaa nyingi zimeuza hata mabati ya nyumba kwa ajili ya karatasi isiyokuwa na kitu.

La pili: tusiandike uongo katika dosye. Diploma ya mutu mwingine, tarehe zilizogeuzwa, staji ambayo haikufanyika: siku moja mutu anauliza, na jina letu linaharibika katika sosiete zote zinazojuana.

La tatu, na ni kubwa kuliko yote: tusitafute mulozi katika jamaa kwa sababu ya barua isiyojibiwa. Mama muzee aliyefukuzwa anaweza kufa kwa njaa ao kwa baridi, na kijana hatapata kazi kwa ajili ya kifo chake. Mwenye kuja kwetu na malalamiko ya namna hiyo, tutamuomba kwanza daftari.

MAULIZO YA MAFUNDISHO YA JUMA

1. Kati ya namna nne za «hapana», ni ipi muliyoipata zaidi? Ilikuwa na maana gani?

2. Katika parokia yetu, ni nani anaweza kusoma barua za vijana na kuzisahihisha mbele ya kupelekwa? Tutaje majina, tuchague siku.

3. Wazazi: kijana akirudi jioni bila jibu, tunamuambia neno gani la kwanza?

4. Kuna mutu katika jamaa zetu aliyehukumiwa bure kwa sababu ya kazi iliyokosekana? Tutamuendea lini?

Ndugu wapendwa, ulizo la ine lisijibiwe kwa midomo tu. Mwenye kuwa na mutu wa kumuendea, aende mbele ya juma kuisha. Na kijana aliyekuwa ameacha kuandika, kesho asubui anunue daftari.

Tunawaachia amani.